Pensheni ya baba baada ya matanga: tuliyoyapitia

Baba alikuwa afisa wa kilimo serikalini. Alistaafu kabla ya 2021, kwa hiyo alikuwa kwenye mpango wa zamani, si huu wa kuchangia ulioanza Januari mwaka huo. Alipofariki, tulidhani pensheni yake imezikwa naye. Kumbe la! Hapa Kenya mstaafu wa aina yake akifa, wategemezi huendelea kulipwa kiasi kile kile alichokuwa akipokea, kwa miaka 5 tangu siku ya kifo.

Kosa la kwanza lilikuwa letu wenyewe. Kadi ya benki ya marehemu ilibaki kwa kaka yangu, na kwa kuwa hakuna aliyetoa taarifa, pesa ziliingia miezi miwili zaidi. Tukalipia deni la hema na viti. Baadaye zilikatwa zote kwenye malipo ya kwanza ya mama, naye ndiye aliyekaa bila kitu. Ukifiwa, ripoti mapema, na hiyo kadi msiiguse.

Makaratasi ni ya kawaida: cheti cha kifo (kibali cha mazishi pekee hakitoshi), vitambulisho, barua ya chifu inayotaja mjane na watoto, na akaunti ya mama mwenyewe. Tulikwama kwenye jina. Kitambulisho chake kinasema Mwanaisha, lakini baba alikuwa amejaza Aisha kwenye faili miaka ya themanini. Kwa hizo herufi 4 ilibidi twende kwa wakili kula kiapo, na mimi nipande basi la usiku mara tatu hadi Nairobi. Hata benki, siku ya kufungua akaunti yake ya kwanza akiwa na miaka 67, mama alishika kalamu akaniuliza, "Mwanangu, nitie sahihi ya yupi?"

Tangu malipo yaanze hayajaruka mwezi. Malipo nayapa nyota zote tano. Utaratibu wenyewe naupa 3.

Miaka 5 ikiisha, kuna ule mpango wa wajane na watoto, ambao baba alikuwa akikatwa asilimia 2 ya mshahara. Huo mama ataupata maisha yake yote, ila akiolewa tena unasimama. Nilipomsomea kifungu hicho alicheka mpaka akashika mbavu. "Niolewe na nani, na haya magoti?"