TAHADHARI: yule muuza kadi za banki za kulipia Dubai na Guangzhou, msimpe hata dola moja

Watu wa Lubumbashi, zaidi mama na vijana mnaopandia ndege Luano kwenda kuchukua mali: yule kijana wa kadi, mnamjua, wa koti la buluu na mkoba wa ngozi, ambaye namba yake tulikuwa tunapeana kama ya daktari mzuri, ni mwizi. Jina lake halitaandikwa hapa, litasomwa mbele ya hakimu. Lakini namna alivyomla yaya wetu, yaani dada yetu mkubwa, lazima ielezwe yote, maana aibu hii si ya yaya peke yake. Kadi ile ilishikwa na watu wanaojua kadi, ikapinduliwa mbele na nyuma, wakasema "iko muzuri". Na kweli ilikuwa nzuri. Ndiyo inayouma.

Ilikuwa hivi. Meza ya plastiki, chupa mbili za Fanta, bahasha nyeupe. Anaipasua polepole, anatoa kadi mpya yenye chipu, tarakimu 16, ya kwanza 4 kama Visa zote, nyuma zile tarakimu tatu. Mahali pa jina hakuna jina. Anaeleza kabla hujauliza: ni kadi ya kujaza kabla, banki inaitoa papo hapo, ndiyo maana haina jina. Hiyo ni kweli, kadi za namna hiyo ziko. Namba ya siri iko kwenye karatasi iliyogundishwa, anakupa uifungue mwenyewe na yeye anageuza uso pembeni. Adabu gani hiyo! Bei ya kadi dola 40, kujaza asilimia 3.

Yaya anahesabu makuta. Dola 3,000 za kuweka, 90 za kujaza, 40 za kadi. Jamaa anachukua noti moja moja, anaiangalia kwenye mwanga, anapitisha kidole pembezoni. Mbili anazirudisha, zina mpasuko mdogo kama ukucha. "Hizi banki itakataa, mama." Hapa kwetu noti iliyopasuka kidogo inakataliwa hata sokoni kwenye mtaa wetu wa Kenya, kila mtu anajua. Basi mtu anayechagua noti kwa uangalifu namna hiyo, nani angesema ni mwizi? Mwizi si anachukua zote!

Kisha anabonyeza telefone yake, dakika mbili, masaji (ujumbe wa banki) inaingia: salio dola 3,000. Anageuza skrini ili yaya asome. Ni hapo. Watu wanne wamekaa mezani, wote wanasoma salio, hakuna hata mmoja anayeuliza kwa nini masaji imeingia kwake na si kwa yaya. Baadaye alitoa jibu bila kuulizwa: namba yako tutaiweka ukirudi, maana huko laini ya Kongo haishiki. Wakatembea hadi dukani, maji na biskuti, dola 6, mashine ikapitisha mara moja. "Umeona? Hii inapita kila fasi."

Sasa Dubai. Teksi kutoka uwanja wa ndege dirham 95, imepita. Hoteli imezuia dirham 800 za dhamana, imepita. Siku ya tatu, duka la Deira, vitenge na mikoba, dirham 4,600. Mashine inalia, karatasi inatoka: imekataliwa, kodi 51, yaani namba ya sababu. Yaya anarudia. 51. Anakwenda kwenye mashine ya kutolea pesa, anaomba dirham 500 tu. Imekataliwa. Mwenye duka amekwisha kufunga mizigo kwa kamba, anaanza kuifungua, mbele ya wateja.

Kwenye simu mwizi alikuwa mtulivu kabisa. Alitoa sababu tatu, na zote tatu ni mambo ya kweli kwenye kadi. Hakutunga kitu. Alichukua ukweli akaugeuza kanga ya kufunikia wizi wake. Tuzipime moja moja.

Ya kwanza: "Ni rezo", yaani mtandao. Rezo ikianguka, banki yenye kadi ikashindwa kujibu, kodi inayotoka kwa kawaida ni 91. Namba ya siri ikikosewa ni 55, ukiikosea mara nyingi mno ni 75. Ukipita kiwango cha kutoa ni 61. 51 maana yake moja tu: pesa haitoshi. Banki ilijibu, ilijibu vizuri, ilisema mfuko ni mtupu.

Ya pili: "Hoteli imezuia pesa yako." Hoteli huzuia kweli. Pesa hiyo haijatoka, lakini huwezi kuitumia, na ukiondoka inaweza kuchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki, kabla ya kurudi kwenye salio. Ndiyo maana wazoefu huacha dhamana ya hoteli kwa pesa taslimu na kuiachia kadi kazi ya dukani. Lakini tupige hesabu. Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, 3.6725 kwa dola moja, haipandi wala haishuki. Dirham 800 ni kama dola 218. Teksi dola 26. Maji na biskuti 6. Toa zote kwenye 3,000, zinabaki 2,750. Mzigo wa Deira ni dola 1,253. Iko wapi shida?

Ya tatu ndiyo ya ujanja zaidi: "Ulichagua dola kwenye mashine, imekula yote." Hapa msikilize vizuri, kwa sababu mtego huu uko kweli, na unakula hata watu wenye kadi safi. Unapolipa nje, mashine ya duka inaona kadi yako ni ya dola, inaonyesha mistari miwili: AED 4,600.00 na chini yake kiasi cha dola, halafu inauliza uchague. Moyo unakimbilia dola kwa sababu unazielewa. Usiguse. Ukichagua dola, anayebadilisha si banki yako bali mwenye mashine na wenzake, na wanajiwekea faida. Wakikupa dola moja kwa dirham 3.45 badala ya 3.67, mzigo wa dirham 4,600 unakuwa dola 1,333. Umetupa 80 bila kupata hata kamba ya kufungia. Chagua dirham, China chagua yuan, Uturuki lira, Afrika Kusini randi. Kwenye mashine ya kutolea pesa ni vilevile: ikiuliza kama unakubali kiwango chake, kataa, itaendelea bila shida kwa kiwango cha banki yako. Muuzaji akibonyeza dola kwa niaba yako, mwambie afute aanze upya kabla hujaingiza namba ya siri. Banki yako nayo inaweza kukata komisheni yake ya nje, mara nyingi asilimia 1 hadi 3, ulizeni kabla ya safari. Haya yote yanauma, lakini jumlisheni yote, hayawezi kumeza dola 2,750 ndani ya siku tatu. Na yaya alikuwa amechagua dirham, karatasi ya teksi inaonyesha.

Kilichofanyika ni hiki. Kadi iliandikishwa kwa jina la mwizi, kwa kitambulisho chake, kwa namba yake ya telefone. Mbele ya banki yule ndiye mwenye kadi, yaya ni mpita njia aliyeokota plastiki. Alisubiri malipo mawili ya kwanza yapite ili yaya atulie, akaingia kwenye programu ya banki, akahamisha kilichobaki, na kodi ya kuthibitisha ikaja kwenye telefone yake mwenyewe. Hakuvunja kufuli, alikuwa na ufunguo. Ndiyo maana huduma ya wateja ilimgomea yaya: waliuliza jina la mwenye kadi na namba ya telefone. Hata lile dai la kurudishiwa pesa, ambalo banki hupokea kwa kawaida ndani ya siku 120, linahitaji mwenye kadi ndiye alalamike. Mwizi ajilalamikie?

Na mtu huyu bado anakunywa Fanta mjini! Aende gereza la Kasapa. Utapeli kwenye Kanuni ya Adhabu ni kifungu cha 98, miezi mitatu hadi miaka mitano, na tunataka mitano, na arudishe kila dola, na zile noti mbili alizozikataa tumpe pia azile. Msimpige, msimchome, tafadhali. Akiwa marehemu hatarudisha kitu.

Mnaosafiri mwezi huu: kadi isiyo na jina lako kwenye daftari la banki usijaze. Masaji ya salio isipoingia kwenye telefone yako, ondoka. Anayesema "hakuna foleni, hakuna karatasi" anakwepa kitu. Pasipoti na gishe, dirisha la banki yenyewe, basi. Omba wakufungulie matumizi ya nje, uliza kiwango cha dukani na kiwango cha mashine kwa siku maana ni viwili tofauti, washa huduma ya laini yako nje ukiwa bado hapa. Wa Guangzhou, Alipay, programu ya kulipia kwa telefone huko China, inapokea kadi za kigeni, juu ya yuan 200 inaongeza asilimia 3. Na msikimbilie kubeba zote kiunoni: zaidi ya dola 10,000 mkononi haziruhusiwi kutoka nchini.

Wengine aliowauzia, tunajua mko, na tunajua mnanyamaza kwa haya. Njooni na kadi yenyewe, masaji, sauti zake za WhatsApp, msifute chochote. Namba kamili ya kadi msiitume kwenye makundi, tarakimu nne za mwisho zinatosha. Na vile vikaratasi vya mashine vipigeni picha leo leo, maana ni vya wino wa joto: cha Deira kimeanza kufifia, ile 51 inaonekana kwa shida.