Ubao wa tabia wenye kadi 24: tathmini ya mama anayesomesha nyumbani

Nilinunua seti hii mwezi wa Januari kwa shilingi 3,400, pamoja na gharama ya kuletewa hadi Mombasa, nikiwa na watoto wawili ninaowasomesha nyumbani, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka mitano. Ndani ya boksi, ambalo juu yake, kama mtu angetarajia, imechapishwa methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, mna ubao mwepesi wenye ndoana za kutundikia, kadi 24 zilizofunikwa kwa plastiki, karatasi za stika za nyota, na kijitabu cha mzazi. Nimeitumia kwa wiki kumi na moja, na nimengoja hadi sasa kuandika kwa sababu karibu kila kifaa cha malezi huonekana kufanya kazi katika wiki ya kwanza, wakati bado ni kipya.

Wanaosomesha nyumbani wanaijua shida ambayo ubao huu umekusudiwa kuitatua. Shuleni kuna kengele, kuna gwaride la asubuhi, kuna sare, na mambo hayo peke yake humfikisha mtoto nusu ya njia kabla mwalimu hajafungua mdomo. Nyumbani, meza ya hesabu ndiyo meza ya chai, mwalimu ndiye anayekaanga mahamri, na mtoto anayeitwa kuja kusoma anajua vizuri kwamba anayemwita ni mama yake, ambaye jana alikubali kumwongezea dakika kumi za kucheza. Katika nyumba ya namna hiyo siku nzima hubebwa na mazoea, na yasipokuwepo mzazi huwa amekwisha kauka koo kwa amri kabla ya adhuhuri.

Ubora wa seti hii uko kwenye kadi. Kila kadi ina tendo moja tu, lililochorwa kwa picha tatu ambazo hata asiyejua kusoma anazifuata: kuvua viatu, kuvipanga pamoja, kuviacha mkekani. Hamna kadi ya "kuwa nadhifu", na waliozitunga walifanya vyema kuiacha, kwa kuwa mtoto wa miaka mitano hajui unadhifu unatendwaje. Anachokiweza ni kuweka kandambili zake mbili sambamba, ncha zikielekea ukutani. Kijitabu kinamtaka mzazi ashughulikie kadi moja mpaka ikae ndipo aongeze ya pili. Ni ushauri wa zamani: Charlotte Mason (1842–1923), mwalimu wa Uingereza ambaye mwaka 1887 alianzisha umoja wa wazazi waliotaka kuelewa malezi ya watoto wao, aliyahesabu mazoea kuwa moja ya nguzo za elimu, na masomo ya watoto wadogo aliyataka yawe mafupi, dakika ishirini hivi au pungufu, ili mazoea ya usikivu yasiharibiwe na uchovu. Mimi nilikuwa na papara, nikatundika kadi nne kwa mkupuo, na baada ya siku tisa hapakuwa na hata moja iliyofuatwa. Tulipoanza upya kwa kadi ya viatu peke yake, mambo yalibadilika. Siku moja katika wiki ya nne, mdogo alikuwa amekwisha fika katikati ya sebule, akasimama, akarudi mlangoni, akazigeuza kandambili zake, kisha akaendelea na safari yake bila kunitazama. Kule kutonitazama ndiko kulikonifurahisha.

Stika ni habari nyingine. Maelekezo yanataka mtoto abandike nyota kila anapotimiza tendo, na akifikisha nyota kumi apewe zawadi. Kwa siku kumi hivi nyumba ilikuwa na malaika wawili. Kisha jioni moja nilimwomba mkubwa aoshe vikombe viwili vilivyobaki kwenye karo, kazi ambayo kabla ya Januari alikuwa akiifanya huku akiimba, naye akakishika kimoja hewani akaniuliza, "Mama, hiki kina stika?" Nilipomwambia hakina, alikirudisha polepole. Wiki hiyohiyo nilimkuta amejibandikia nyota ya kupiga mswaki ilhali mswaki wake ulikuwa mkavu. Nilipomuuliza alishikilia kwamba amepiga, na kabla ya kulala alijiongezea nyota nyingine kwenye kadi ya kusema kweli.

Haya hayapaswi kumshangaza mtu aliyechapisha kifaa cha malezi. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Walioahidiwa cheti chenye nyota na utepe kabla ya kuchora, baadaye walipoachwa wacheze watakavyo, walizigusa kalamu hizo kwa takriban nusu ya muda wa wale ambao hawakuahidiwa kitu, ilhali waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungukiwa na hamu. Kwa hiyo nilizitoa nyota ubaoni, nikabaki na utaratibu wa kuigeuza kadi upande wa nyuma jioni, tukiwa pamoja, bila malipo yoyote. Mkubwa alinung'unika siku tatu.

Kijitabu kinaahidi pia kwamba kila tabia itakaa baada ya siku 21. Namba hii ina asili yake kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku zipatazo 21 kuizoea sura mpya. Neno "angalau" limedondoka njiani. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London, waliofuatilia watu wazima 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya, walipata kiasi cha kati cha siku 66, na tofauti kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Viatu vyetu vilichukua mwezi mmoja. Kuja mara unapoitwa, hadi leo tunahangaika nako. Ahadi kama hiyo humfanya mzazi afike siku ya ishirini na mbili akadhani mtoto wake ana kasoro.

Kasoro iliyobaki ni ya tafsiri, kwani seti hii ni dhahiri haikutungwa kwa Kiswahili. Kadi ya utii imeandikwa "Tii mara moja", na mkubwa wangu, ambaye ni mwanasheria mtarajiwa, aliniarifu saa tatu asubuhi kwamba yeye leo amekwisha tii mara moja. Niliandika "papo hapo" juu yake kwa kalamu nzito. Kadi ya mezani inaonyesha uma na kisu, wakati sisi wali wa nazi tunaula kwa mkono, na hapana kadi ya kunawa wala ya kuwangojea watu wazima waanze. Kadi ya salamu haimo kabisa. Bibi yao alipokuja akausoma ubao mzima, swali lake la kwanza lilikuwa shikamoo iko wapi. Maadili manane ya mtaala wa Kenya yametajwa mwishoni mwa kijitabu, lakini uzalendo umepewa bendera tu ya kupaka rangi, na haki ya kijamii haikupata hata picha.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa miaka minne hadi saba, kadi hizi zina thamani, na plastiki yake imestahimili maji, mafuta na meno. Kwa mtoto wa miaka tisa zitakuwa za kitoto. Muuzaji niliyenunua kwake hukubali kuuza kadi peke yake kwa shilingi 1,200 ukimwomba, jambo ambalo nililijua nimeshalipa. Ubao hauna kazi ambayo kamba ya kitani na vibanio vya nguo haviwezi kuifanya, na kadi zinazokosekana tumezichora wenyewe: ya shikamoo aliichora mdogo, ikiwa na bibi mkubwa kuliko nyumba.