Tahadhari: Anauza lenzi ya zamani ya milimita 15 ndani ya boksi la toleo la tatu, hapa Mwanza

Ndugu wapigapicha wa Mwanza, pamoja nanyi wa Musoma, Bukoba, Geita na Ukerewe mnaotumiwa vifaa kwa basi au kwa meli, naomba msome maelezo haya kabla ya kumtumia fedha mtu yeyote anayetangaza lenzi ya Voigtländer Super Wide-Heliar ya milimita 15 kwa bei inayovutia kupita kiasi. Yuko muuzaji anayejitambulisha kuwa ni wa katikati ya jiji, asiye na duka wala meza, ambaye katika miezi ya karibuni amewauzia wenzetu kadhaa lenzi hiyo kwa maelezo ya uongo. Baadhi ya lenzi hizo nimezishika na kuzikagua mwenyewe, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona.

Tangazo lake husema kwamba lenzi ni toleo la tatu na kwamba inafaa sawasawa kwa kamera za renjifainda (zile za kulenga fokasi kwa kulinganisha taswira mbili kwenye kidirisha) za mkanda na za dijitali. Boksi linaloonekana kwenye picha ni la toleo la tatu kweli, lakini kilichomo ndani ni toleo la kwanza, lile ambalo Cosina ya Japani, inayotengeneza lenzi kwa jina la Voigtländer, ilianza kuliuza mwaka 1999 kwa ajili ya kamera za mkanda zenye mdomo wa hesi, yaani lenzi hukazwa kama skrubu. Ili mnunuzi asizione hesi hizo, adapta ya Leica M, yaani pete inayoifanya lenzi ya hesi ivae kwenye kamera za Leica M, imebandikwa kwa gundi nyuma ya lenzi, kiasi kwamba haifunguki hata ukiizungusha kwa nguvu kwa mkono. Adapta huvalishwa tu na kuvuliwa. Hakuna mpigapicha mwaminifu anayeigandisha kwa gundi.

Wapo watakaouliza kuna ubaya gani, maadamu zote ni za milimita 15 na zote zinafungua tundu la mwanga hadi f/4.5. Ubaya unaonekana kwenye kingo za picha. Katika lenzi pana za renjifainda za muundo wa zamani, kioo cha nyuma hukaa karibu sana na mahali picha inapoangukia, hivyo mwanga unaokwenda pembeni hufika ukiwa umelala mno. Mkanda unaupokea mwanga huo bila taabu kubwa, na unachokiona ni kingo kuwa na giza tu. Kihisi cha kamera ya dijitali, yaani sehemu inayoipokea picha badala ya mkanda, kina tabaka la kioo juu yake na vijilenzi vidogo mno juu ya kila nukta, na mwanga uliolala namna hiyo haufiki sawasawa kwenye nukta iliyokusudiwa. Matokeo yake ni kingo zenye wekundu unaokaribia zambarau, na mara nyingi upande mmoja huzidi mwingine. Ni kwa sababu hiyo hiyo toleo la tatu lilipotoka mwaka 2015 lilikuwa limesanifiwa upya kabisa, likiwa na vioo 11 badala ya 8, ili mwanga ufike kwenye kihisi ukiwa umenyooka zaidi.

Mwenzetu mmoja wa Nyegezi, ambaye kazi yake ni kupiga picha za vyumba vya hoteli na nyumba za kupangisha, aliinunua lenzi hiyo kwa ajili ya kamera yake ya dijitali, Leica M9. Kazi ya kwanza aliyoifanya nayo ilikuwa vyumba vyenye kuta nyeupe na mashuka meupe, na kila picha ilitoka na ukuta wa upande mmoja ukiwa wa zambarau. Alipomrudia muuzaji, aliambiwa kwamba kihisi cha kamera yake kimechafuka, kisha akaelekezwa kwa fundi wa kukisafisha kwa malipo. Hilo limeniudhi kuliko jambo lolote katika habari hii, kwa sababu hakuna usafi wa kihisi unaoondoa rangi ya aina hiyo, na fundi asiye makini angeweza kukikwaruza kihisi kilichokuwa kizima.

Tazameni pia ujanja wa picha za mfano anazozituma. Moja ni ya Jiwe la Bismarck, nzuri kwelikweli, lakini ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na picha ya namna hiyo haiwezi kuonyesha kasoro ya rangi. Nyingine zimeskaniwa kutoka kwenye mkanda. Iliyopigwa kwa dijitali na yenye rangi ilitoka kwenye Leica M8, kamera ambayo kihisi chake ni kidogo kuliko fremu kamili (ukubwa wa picha ya mkanda wa milimita 35), hivyo huzikata kingo zenyewe na kuifanya milimita 15 ionekane kama milimita 20. Kwa hiyo yeyote anayeuziwa lenzi pana aulize picha ya mfano ilipigwa kwa kamera gani, kisha aombe faili ghafi (RAW), wala si picha iliyokwisha kusahihishwa, ya ukuta mweupe au anga lenye mawingu, iliyopigwa kwa kamera ya dijitali ya fremu kamili. Muuzaji mwenye bidhaa halali ataipiga picha hiyo kwa dakika chache.

Kipimo kilicho rahisi kuliko vyote ni mizani. Toleo la kwanza lina uzito wa takriban gramu 105, na la tatu takriban gramu 247. Hata mizani ya jikoni itayatofautisha. Toleo la kwanza halina mahali pa kukaza filta, kwa kuwa kinga yake ya jua imeungwa moja kwa moja na mwili wa lenzi, wakati la tatu linapokea filta za milimita 58. Tena toleo la kwanza halijaunganishwa na mfumo wa renjifainda: ukizungusha pete ya fokasi, taswira mbili kwenye kidirisha cha kamera hazisogei hata kidogo.

Kwa haki, niseme kwamba lenzi yenyewe si mbovu. Kwa anayepiga mkanda ni kifaa kizuri na chepesi, na ukifunga tundu hadi f/8 na kuweka fokasi karibu na mita moja, karibu kila kitu kuanzia nusu mita hadi upeo wa macho kitakuwa wazi, hivyo kukosa muunganisho wa renjifainda hakutakusumbua. Wapo pia wenye kamera za dijitali wanaoitumia na kuisahihisha rangi kwa programu. Lakini hao wamechagua wakijua, tena kwa bei ya toleo la kwanza.

Kwa walio nje ya jiji mambo ni mabaya zaidi. Huwa anakataa kukutana ana kwa ana, anadai yuko Ukerewe au yuko njiani, kisha anaomba amana ya kuishikilia lenzi na kuahidi kuikabidhi kwa kondakta wa basi. Wawili, mmoja wa Bukoba na mwingine wa Musoma, walituma amana na hawakupokea kifurushi chochote. Wote wawili wanasema jina lililojitokeza kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo halikufanana na lile alilokuwa akilitumia kwenye matangazo. Likijitokeza jina tofauti, sitisheni malipo hapo hapo.

Walioathirika wasifute ujumbe wala risiti za malipo. Nendeni kituo cha polisi mkaandikishe taarifa na kupewa namba ya RB, kwa kuwa udanganyifu wa aina hii unaangukia chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na namba ya simu aliyoitumia iripotiwe kwenda 15040, namba ya kuripotia matapeli. Mwenzetu wa Nyegezi ameshafungua taarifa yake, na yuko tayari kuambatana na yeyote anayetaka kufungua ya kwake hapa Mwanza.

Hadi jana jioni mtu huyo alikuwa ameongeza tangazo jingine, la lenzi ya Russar MR-2 ya milimita 20, akiieleza tena kuwa ni ya mkanda na dijitali. Muundo wa Russar ni wa mwaka 1958, na kioo chake cha nyuma kinaingia ndani kabisa ya kamera, hivyo kwenye dijitali tarajieni kasoro ile ile ya kingo.