Kabureta imerudi inang'aa kama sinia la harusi, lakini nusu yake haipumui

Nyota moja. Kuna wakati nilitaka kuweka tatu, mtaona kwa nini sikuweka.

Holley ya 600, yaani kabureta ya kupitisha futi za ujazo 600 za hewa kwa dakika, nimeipeleka kwenye gereji moja ya hapa Denver, Marekani, inayojitangaza kuwa bingwa wa kabureta za zamani. Gari ni Chevelle ya 1970 yenye V8 ya 350. Vipimo vyake vimejaa kila kona, sitavirudia. Shida niliwaandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: chini inavuta vizuri, ikipita mizunguko 4,000 kwa dakika inalala. Unakanyaga mpaka sakafuni, makelele yanaongezeka, pikapu hamna.

Wiki kadhaa zikapita, kabureta ikarudi na rangi mpya ya dhahabu, unaweza kujitazamia meno. Nikaifunga. Mizunguko 4,000, palepale, ikalala.

Nikapiga simu. Aliyepokea hakuuliza hata ni kabureta gani. "Hiyo ni ndogo kwa injini yako, nunua ya 750," akakata. Hapo ndipo damu iliponichemka, maana hesabu hii haihitaji ubingwa. Chukua inchi za ujazo 350, zidisha kwa mizunguko 5,500, gawanya kwa 3,456. Unapata futi za ujazo 557 za hewa kwa dakika, na hiyo ni kama silinda zingejaa kabisa, kitu ambacho injini ya kawaida ya barabarani haifanyi. Kabureta ya 600 inatosha na chenji inabaki.

Tatizo halikuwa ukubwa. Vipepeo vya nyuma, vile vibati vinavyofungua na kufunga njia ya hewa, havikuwa vinafunguka kabisa. Aina hii haina waya wala kiungo cha pedali cha kuvivuta vya nyuma. Hewa ikipita kwa kasi matundu ya mbele inazaa vakyumu (mvuto wa hewa), vakyumu inapanda kwenye kinjia chembamba hadi kwenye kikopo cha pembeni, inanyanyua kiwambo cha mpira kinachobanwa na springi, na kiwambo ndicho kinachovuta mkono wa vipepeo vya nyuma. Msijidanganye kwa kupiga resi gari ikiwa imesimama. Bila mzigo hewa haitoshi, vya nyuma havifunguki hata kama kila kitu ni kizima. Kipimo ni kibanio cha karatasi, kile cha ofisini. Kichomeke kwenye kijiti cha kiwambo, kiguse kitako cha kikopo, nenda barabarani, kanyaga mpaka mwisho kwenye gia ya tatu, rudi uangalie. Kijiti kikipanda, kibanio kinasukumwa chini, na umbali wake ndio kiasi vipepeo vilivyofunguka. Changu kilikuwa hakijasogea hata unywele.

Nikafungua skrubu za kikopo. Pale kinapokutana na mwili wa kabureta, kwenye mdomo wa kile kinjia, panakaa gasketi laini ya kuziba mwanya, ndogo kuliko kifungo cha shati. Haikuwepo. Haikuchanika wala haikuhama. Haikuwekwa. Vakyumu yote inavujia hapo, kiwambo kinabaki kimelala, na wewe unaendesha kabureta ya matundu manne kwa matundu mawili. Watu wamepata muda wa kupaka dhahabu, kitu cha senti chache kikawashinda.

Kwa mwenye shida kama hii: kabla ya kurudisha kikopo, sukuma kijiti juu, ziba kitundu cha vakyumu kwa kidole, achia kijiti. Kikibaki juu, kiwambo kizima. Kikishuka, kimetoboka au kimebanwa vibaya. Ukifunga mfuniko, shikilia kijiti kikiwa juu ili mpira ulale bila mkunjo, na tundu la mpira lielekee tundu la kinjia. Mkunjo mmoja tu na umerudi ulikotoka.

Nikaweka gasketi, ikafunguka, ila kwa uchovu. Nikakuta wameweka springi nyeusi, ngumu kuliko zote kwenye seti. Laini kabisa ni nyeupe, zikifuatiwa na za njano. Niliruka hadi ya njano: gari ikakanyagwa, ikasita kama imeguguna kitu, kisha ikakimbia. Kusita maana yake vya nyuma vinafunguka mapema mno. Nikarudi ngumu kidogo, ya zambarau, na hapo injini ikapanda bila kigugumizi hadi 5,500.

Jeti je, vile vitundu vya kupimia petroli? Za mbele zilikuwa namba 66, sawa kwa mtu wa ufukweni. Denver iko futi 5,280 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kanuni ya mafundi ni kushuka namba moja kwa kila futi 2,000. Nimeweka 64, nikazima injini baada ya kukanyaga mwisho na kukagua plagi: si nyeusi tena. (Nairobi iko juu zaidi ya hapa kidogo, kwa hiyo wenye magari ya kabureta huko nao wasikilize.) Valvu ya nguvu, ile inayoongeza petroli vakyumu ikishuka chini ya namba yake, nayo walitia ya 8.5. Geji yangu inasoma vakyumu ya inchi 11 za zebaki injini ikinguruma bila kukanyagwa, nusu yake ni 5.5, ndiyo niliyoweka. Ile ya 8.5 ilikuwa inafunguka kwenye kila kilima kidogo na kumwaga mafuta bure.

Sasa haki yao niwape. Shafti ya vipepeo vya mbele ilikuwa inacheza na kunyonya hewa pembeni. Wameitia bushi mpya, safi, haina mchezo hata kidogo, na injini ukiiacha inanguruma kwa utulivu ambao sikuuzoea. Kazi ile si mchezo, si kila fundi anaiweza. Nikalainika. Nikasema basi, nyota tatu, binadamu husahau.

Kisha nikasoma bili tena. "Jeti mpya: 4." Hii kabureta ina jeti mbili! Nyuma hakuna jeti, kuna kibati chenye matundu yaliyotobolewa kiwandani. Nimelipia jeti mbili ambazo hazina hata pa kufungwa.

Nikapiga simu tena. Wakaguna, wakasema gasketi watanitumia bure kwa posta. Bahasha imefika. Ndani kuna gasketi kweli, mpya kabisa, ya valvu ya nguvu.