Soksi za kubana vigimbi: zinatuliza muundi, haziuponyi

Msimu wa kujiandaa kwa Kilimanjaro Marathon ukifika, malalamiko ya maumivu ya muundi huongezeka, na wengi hukimbilia kununua soksi za kubana: zile zisizo na nyayo, zinazoanzia juu ya kifundo cha mguu na kuishia chini ya goti. Tunazipendekeza, lakini si kama dawa.

Zinachofanya vizuri ni kuushika msuli wa kigimbi usitikisike sana, na mguu kuhisi wepesi. Tatizo lenyewe liko ndani zaidi. Mfupa wa muundi hujijenga upya kila unapopigwa na mzigo wa mbio. Ukiongeza kilomita kwa pupa, mzigo unazidi kasi ya ukarabati, na ukingo wa ndani wa mfupa huanza kuuma. Kitambaa hakiwezi kuubadili mfupa. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2012, wanariadha 74 waligawanywa makundi matatu. Wote walipewa programu ya kurejea kwenye mbio taratibu. Kundi moja likaongezewa mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha vigimbi, jingine soksi za kubana. Muda wa kupona haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo anayevaa soksi hizi ili aendelee na kilomita zilezile anajiumiza, tena bila kusikia onyo mapema.

Kabla ya kutoa hela, pitisha kidole kwa kubonyeza kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, theluthi mbili za chini. Maumivu yakitanda sentimita 5 au zaidi, huenda ni maumivu ya kawaida ya muundi ya wakimbiaji. Yakijikusanya sehemu moja ndogo kama sarafu, yakiuma usiku, au ukishindwa kurukaruka kwa mguu huo mmoja, acha kukimbia na umwone daktari: huenda mfupa una ufa, na eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isiuonyeshe. Kigimbi kimoja kikivimba na kuwa cha moto, usivae soksi hizi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Ganzi ya unyayo inayokuja kila ukikimbia na kuondoka ukipumzika nayo inahitaji daktari.

Kwenye kununua, kosa kubwa ni kuchagua kwa saizi ya kiatu. Pima mzunguko wa kigimbi kwa futi ya fundi cherehani, pale palipo panene zaidi, asubuhi kabla mguu haujavimba, kisha linganisha na jedwali la pakiti. Pakiti isiyo na sentimita iache dukani. Kwa mazoezi, mgandamizo wa mmHg 15 hadi 20 (kipimo cha nguvu ya kubana) unatosha. Soksi nzuri hubana zaidi kifundoni na kulegea kadiri inavyopanda. Nyingi za bei rahisi hubana sawasawa kote, au zaidi kwenye ukanda wa juu, na hapo damu inayorudi moyoni huzuiwa na kifundo kuvimba. Ukivua ukakuta mfereji mwekundu chini ya goti, saizi ni ndogo. Acha nafasi ya vidole viwili chini ya goti, usizikunje juu, na usilale nazo. Mwenye kisukari kilichomletea ganzi miguuni, au mwenye mishipa iliyoziba, asizivae bila ruhusa ya daktari.

Zivae huku ukifuata programu ya kurejea kwenye mbio. Ukiweza kutembea haraka dakika 30 bila maumivu, anza na dakika 1 ya kukimbia na 2 za kutembea, mara 8, siku moja ndiyo nyingine hapana, kwenye nyasi au njia tambarare ya vumbi. Maumivu yakizidi 2 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, au yakiwepo asubuhi inayofuata, rudi nyuma kidogo kwenye programu. Fupisha pia hatua zako unapokimbia. Kisigino kisitue mbali mbele ya mwili.

Zifue kwa mkono, maji baridi, bila kukamua kwa kusokota, na zianike kivulini. Zikianza kuteremka unapokimbia, lastiki imekwisha.