Brooklyn Army Terminal: viwanda na ofisi ghorofa juu ya ghorofa, na mzigo una njia yake

Kazi yangu ni kuchora maghala na ofisi Dar es Salaam, kwa hiyo New York nilitembelea majengo kuliko maduka. Lililonikaa moyoni liko Sunset Park, Brooklyn, kando ya maji. Cass Gilbert, msanifu yuleyule wa Woolworth Building, ghorofa refu la Manhattan, alilichora kwa ajili ya jeshi la Marekani, likakamilika 1919. Sasa ni mali ya jiji, na ndani ya ghorofa zake nane wamo watengenezaji, mafundi na watu wa ofisi. Nalipatia nyota nne na nusu kati ya tano.

Nenda moja kwa moja Jengo B, mojawapo ya majengo yanayounda Terminal hii. Katikati yake pameachwa uwazi mrefu kutoka chini mpaka juu, na reli zinaingia humohumo. Zamani garimoshi lilisimama ndani, kreni iliyotembea juu ikanyanyua mzigo kutoka kwenye behewa na kuutua kwenye roshani ya ghorofa inayohusika. Roshani hizo hazikupangwa moja juu ya nyingine. Kila moja imesogezwa pembeni, ili ndoano ishuke mpaka kwenye yoyote bila kuzuiwa na iliyo juu yake. Watu huzipiga picha kama mapambo, lakini hakuna hata moja iliyowekwa kwa urembo. Nilipokuwa nazitazama niliwaza Kariakoo, marobota yanavyopanda ngazi mabegani mwa wabeba mizigo, katika maghorofa ambayo aliyeyachora hakujiuliza bidhaa itapitia wapi.

Kingine ni sakafu. Kanuni za ujenzi za Marekani zinataka sakafu ya ofisi ihimili takriban kilo 245 kwa mita ya mraba. Ya kiwanda kizito, takriban kilo 1,220. Maana yake, jengo la mizigo linaweza kupokea ofisi siku yoyote, ila jengo la ofisi haliwezi kupokea mashine kubwa ya uchapaji bila kuimarishwa. Wateja wangu huja na ombi la kinyume: tuanze na ofisi, stoo tutaona mbele ya safari. Ningekuwa na uwezo ningewaleta wote hapa waone zege la zaidi ya miaka 100 linavyobeba kazi ambazo Gilbert hakuziwaza, ikiwemo chokoleti ya Jacques Torres.

Manhattan kuna jengo jingine la mizigo, Starrett-Lehigh la mwaka 1931, na kwa ufundi mtupu nathubutu kusema linalizidi hili: lori zima liliingia kwenye lifti, likapanda na mzigo wake hadi ghorofani. Leo waliojaa humo ni watu wa ofisi, mitindo na matangazo. Ofisi hulipa pango kubwa kuliko karakana, na mwenye jengo binafsi atafuata pesa. Brooklyn Army Terminal limebaki na watengenezaji kwa sababu jiji lililinunua 1981 na likaamua liwe la viwanda. Hapo ndipo sisi wasanifu tunapojidanganya. Tunapanga karakana chini na ofisi juu, tunatenganisha milango, tunazuia mtikisiko na harufu, halafu mkataba wa pango unafuta kila kitu. Anayetaka mchanganyiko huu udumu mjini aandike matumizi ya kila ghorofa kwenye hati kabla ya kumwaga msingi.

Nusu nyota nimeizuia kwa mambo mawili. Jengo ni pana mno, na katikati ya sakafu uko mbali na dirisha. Kwa ghala si neno, kwa mtu anayekaa mezani kutwa ni adha, ingawa ule uwazi wa Jengo B unasaidia. Halafu kuna njia ya kufika: ukishuka treni kituo cha 59th Street unateremka kuelekea majini na kupita chini ya barabara kuu ya Gowanus, penye kelele, moshi na malori. Bora feri. Inatia nanga palepale gatini, na ukitokea majini unaliona jengo kwa ukubwa wake wote. Ukiwa ndani, usitosheke na ukumbi. Tafuta lifti za mizigo, pima mlango kwa macho, kisha kumbuka lifti ya jengo lako.