Mkopo wanauita msaada

Nyota moja, na hiyo moja ni ya walimu. Chuo chenyewe sikitaji jina. Kiko hapa Marekani, na ukipita getini utakipenda. Hata mimi nilikipenda.

Kilichonimaliza ni barua yao ya msaada wa fedha. Nilimsomea mama mezani, namfasiria mstari baada ya mstari. Juu wameandika "msaada wako", chini yake ruzuku ya serikali, ufadhili wa chuo, kisha dola 5,500, vyote vimejumlishwa pamoja. Mama akapiga vigelegele. Zile 5,500 zilikuwa mkopo! Ndicho kiwango cha juu ambacho serikali kuu humkopesha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi, na kati yake 2,000 huanza kuzaa riba tangu siku zinapotolewa, hata kabla hujajua darasa liko wapi. Neno "msaada" nililitamka mimi, kwa kinywa changu, na mama akashukuru Mungu.

Mwaka wa pili ufadhili wa chuo ukakatwa, eti ulikuwa wa kuanzia tu. Tukaenda dirishani, mimi na mama. Karani hata macho hakuinua. "Si mlisaini wenyewe?" Mama akanigusa mkono: "Anasemaje?" Nikamdanganya kwamba mfumo una hitilafu. Deni nitalilipa, lakini ile sauti ya karani bado iko masikioni. Mlisaini wenyewe! Kama muuza viatu vibovu.

Nilidhani ni ushamba wetu wageni. Kumbe wakaguzi wa Bunge la Marekani, GAO, walizichunguza barua hizi, na mwaka 2022 wakakadiria kuwa asilimia 91 ya vyuo ama havionyeshi kabisa kiasi halisi utakachotakiwa kulipa, ama hukionyesha pungufu. Kwa hiyo chuo changu hakina hata ubunifu wa kudanganya peke yake.

Anayetaka kujiokoa aingie College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu yao. Pale wanatoa gharama baada ya kuondoa ruzuku na ufadhili tu, mkopo hauguswi, na wanazigawa kwa kipato cha familia. Ningeiona mapema, mama asingepiga vigelegele.

Nikatafuta pia kiwango cha kuhitimu cha chuo changu, kile ambacho sheria ya 1990 inavilazimu vyuo kukitangaza. Aibu tupu. Nilifurahi, sitaki uongo. Nikapiga picha ya skrini nikawatumia ndugu na marafiki wote.

Halafu nikasoma maelezo. Kwa shahada ya miaka minne wanahesabu waliomaliza ndani ya miaka sita, pale pale walipoanzia. Ukihama ukamalizia kwingine, kwao hujahitimu. Sasa mimi nilihama, na nilihitimu. Ina maana kwenye aibu ile niliyoisambaza kwa furaha, mmoja wa walioshindwa ni mimi, tena nikiwa na cheti ukutani. Na masomo ya miaka miwili niliyohama nayo yalipokelewa yote, kwa sababu walimu wale walifundisha kwelikweli. Basi sawa, nyota mbili. Labda hata tatu, kwa ajili ya yule wa hisabati.

Majuzi mama ameniuliza kama ile hitilafu ya mfumo ilishatengenezwa. Rudisheni iwe nyota moja.